Mwongozo kamili: jinsi ya kurekebisha swingi yako ya gofu ukishapita miaka 60

Shikamooni wazee wangu. Tangu nianze kufundisha gofu, swali moja hunijia karibu kila wiki: "Kijana, mbona mpira wangu hauendi tena?" Kisha mzee ananionyesha. Anakaza meno, miguu imeng'ang'ania ardhi kama nguzo, mikono inapaa juu, halafu anaupiga kwa nguvu zake zote. Mpira unakwenda yadi mia na kidogo na kukatikia kulia, na mkono wake mmoja unarudi kiunoni kukanda mgongo. Wiki inayofuata anaongeza nguvu, na mambo yanazidi kuharibika.

Tatizo haliko kwenye nguvu. Wengi wenu mlifundishwa ujanani kwamba kisigino cha kushoto kisiinuke kamwe na kichwa kisisogee hata kidogo. Kijana wa miaka 25 anaweza kuzifuata kanuni hizo kwa sababu nyonga na mgongo wake vinageuka hata miguu ikiwa imegandishwa. Mtu wa miaka 65 akijigandisha chini, juu hakuna kinachogeuka. Inabaki mikono tu, na mikono peke yake haiufikishi mpira mbali.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuurudisha mgeuko wa mwili ndani ya swingi, yaani ule mwendo mzima wa kupandisha fimbo na kuupiga mpira. Masafa yatakuja nyuma yake. Nimeandika kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Wewe wa kushoto geuza kila kitu.

## Vitu vya kuandaa

- Fito mbili nyoofu, urefu wa mita moja na kidogo. Za mti zinatosha.
- Kiti kigumu kisicho na mikono.
- Ukuta mtupu, nyumbani.
- Aironi namba 8 (fimbo ya masafa ya kati), haibridi moja (fimbo iliyochanganya umbo la aironi na la draiva) na draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali).
- Kalamu ya wino ya ubao mweupe, na kitambaa.
- Tii ndefu, kile kijiti cha kuwekea mpira, kwa ajili ya draiva.
- Daftari dogo.
- Maji ya kunywa na kofia.

Usinunue fimbo mpya bado. Nimeona wazee wakitumia fedha nyingi kwenye draiva mpya na kurudi na mpira uleule unaokatikia kulia. Rekebisha mwili kwanza, halafu ndipo utajua fimbo ipi inakufaa.

Onyo kabla ya kuanza. Kama una shinikizo la damu lisilotulia, umewahi kuugua moyo, umebadilishiwa nyonga au goti, au mgongo unakuuma hadi maumivu yanashuka mguuni, mwone daktari wako kwanza na umwonyeshe mwendo wenyewe wa kupiga, usimweleze kwa mdomo tu. Na ukiwa uwanjani ukahisi kifua kubana au kizunguzungu, acha papo hapo, hata kama limebaki shimo moja.

## Hatua ya 1: Upime mwili wako ulivyo leo

Kaa kwenye kiti, magoti na nyayo vikiwa pamoja. Weka ufito kifuani na uushike kwa mikono iliyopishana. Geuka kulia taratibu bila magoti kusogea, kisha kushoto. Mwenye mgongo mlegevu hufika nusu ya pembe mraba, yaani digrii 45, kila upande.

Kisha simama kwa mguu mmoja, ukiwa karibu na ukuta, na uhesabu hadi 10. Badili mguu.

Andika matokeo kwenye daftari. Ukishindwa kufika digrii 45, mgongo wako unahitaji msaada wa miguu na nyonga, na hatua ya 4 na ya 5 ndizo zako hasa. Ukishindwa kuhesabu hadi 10, swingi yako iwe fupi zaidi ya ninavyoeleza hapa, mpaka miguu ipate uimara.

## Hatua ya 2: Pasha mwili moto kwa dakika 10

Hili ndilo linalorukwa kuliko yote. Mtu anashuka garini, anavaa viatu, anakwenda moja kwa moja kwenye tii ya kwanza, yaani pale pa kuanzia shimo, na kuchomoa draiva. Misuli baridi hukataa kugeuka, kwa hiyo mikono inachukua kazi yote.

Tembea dakika tatu. Zungusha mabega mbele na nyuma. Weka ufito begani nyuma ya shingo na ugeuke pole kulia na kushoto mara 10. Shika begi au kedi wako, anayekubebea fimbo, akushike bega, kisha pembeza kila mguu mbele na nyuma mara 10. Malizia kwa kupunga aironi namba 8 bila mpira, nusu ya urefu wa kawaida.

Ukishaanza kuhisi joto mgongoni na mabega yakashuka yenyewe kutoka masikioni, uko tayari.

## Hatua ya 3: Mshiko

Weka mkono wa kushoto kwenye fimbo na utazame chini. Unatakiwa kuona vifundo viwili hadi vitatu vya ngumi yako. Ukiona kimoja tu, geuza mkono kidogo kuelekea kulia. Mkono wa kulia nao ufuate, ule mfereji kati ya kidole gumba na cha shahada uelekee bega lako la kulia.

Sababu ni hii: kadiri umri unavyosogea, vifundo vya mikono huchelewa kuurudisha uso wa fimbo kwenye mstari. Uso ukifika kwenye mpira ukiwa wazi, mpira unakatikia kulia. Mshiko uliogeuzwa kidogo unafanya kazi hiyo mapema, kabla hujaanza kupiga.

Shika kama unavyoshika kifaranga: asichomoke, wala asife. Anayeminya fimbo hukaza hadi mabega, na bega lililokazwa haligeuki.

Mwenye baridi yabisi ya vidole amwombe fundi amwekee raba ya mshiko nene zaidi, au aongeze tabaka za utepe chini ya ile iliyopo. Gharama yake ni ndogo na nafuu yake ni kubwa. Mpira ukianza kukunja kushoto kila mara, umegeuza mikono kupita kiasi. Rudisha nusu.

## Hatua ya 4: Msimamo

Laza ufito mmoja chini ukielekea shabaha. Simama kando yake, halafu fanya mambo matatu.

Fungua vidole vya miguu. Jifikirie umesimama katikati ya uso wa saa, mpira uko upande wa namba 12. Wayo wa kushoto uelekee kati ya namba 10 na 11, wa kulia kati ya 1 na 2. Wayo ulionyooka mbele huizuia nyonga mapema, na uliofunguliwa unaiachia. Ni badiliko la sekunde mbili, na kwa wengi ndilo la kwanza kuleta tofauti.

Vuta mguu wa kulia nyuma kama sentimita 5 kutoka kwenye mstari wa ufito. Umeshaigeuza nyonga kidogo kabla hujaanza, kwa hiyo safari iliyobaki ni fupi. Mabega lakini yabaki sambamba na ufito. Hapa ndipo wengi hukosea: wanavuta mguu, mabega nayo yanafuata, kisha wanashangaa mpira kwenda porini upande wa kulia. Uweke ufito wa pili mapajani uone unaelekea wapi, kisha uupandishe hadi mabegani ulinganishe.

Simama mrefu kidogo kuliko ulivyozoea. Inama kutoka kwenye nyonga, usikunje mgongo kama anayetafuta sarafu iliyodondoka. Mgongo uliopinda haugeuki. Jaribu kwenye kile kiti cha hatua ya 1, kwanza ukiwa umejikunja, kisha ukiwa umenyooka. Utaona mwenyewe.

## Hatua ya 5: Mgeuko

Hapa tutakaa. Ukielewa hatua hii, nyingine zote zitakuwa rahisi.

Anza nyumbani, bila fimbo. Simama ukiupa ukuta mgongo, makalio yakiwa sentimita 5 kutoka ukutani. Kunja mikono kifuani. Sasa geuka kulia mpaka tako la kulia liguse ukuta. Geuka kushoto mpaka la kushoto liguse. Ukiteleza kwa pembeni badala ya kugeuka, hakuna tako litakalogusa, na huo ndio ugonjwa wenyewe unaotuhangaisha. Fanya mara 20 asubuhi, mara 20 jioni.

Ukishazoea, rudia huku ukiruhusu mambo manne.

Kwanza, kisigino cha kushoto kiinuke. Sentimita 2 hadi 5 zinatosha. Jack Nicklaus, yule bingwa wa Marekani, aliinua kisigino hicho katika maisha yake yote ya ushindani, kwa hiyo asikutishe mtu anayekuambia ni kosa. Ila kisigino kivutwe na mgeuko, kisiinuliwe na wewe. Tofauti utaiona kwenye goti: goti la kushoto likielekea kulia, nyuma ya mpira, mgeuko ndio uliokivuta. Likitumbukia mbele kuelekea mpira, umekiinua tu, na hakitakusaidia.

Pili, mguu wa kulia unyooke kidogo. Wengi mlifundishwa kulikunja goti la kulia na kuliacha vile vile mwanzo hadi mwisho. Goti lililofungwa hivyo linaifunga nyonga. Liachie, ila lisikakamae kabisa.

Tatu, kichwa kigeuke. Macho yabaki kwenye mpira, lakini kidevu kisogee kulia ili bega la kushoto lipate njia ya kupita. Ile amri ya "kichwa kisisogee" imewaharibia wazee wengi shingo na swingi kwa pamoja. Kichwa kinaruhusiwa kusogea kulia upana wa vidole vitatu au vinne. Kisichoruhusiwa ni kupanda na kushuka.

Nne, kiwiko cha kushoto kilegee kidogo. Mkono ulionyooka kama bomba unatafuta bega lenye miaka 20.

Kipimo chake: ukifika juu, mgongo wako uelekee shabaha, au ukaribie, na uzito uuhisi ndani ya wayo wa kulia. Ukiuhisi ukingo wa nje wa wayo, umeteleza. Rudi ukutani.

Mama mmoja niliyemfundisha alikaa wiki mbili nzima na ukuta huu bila kugusa mpira hata mmoja. Alinilalamikia sana. Siku ya kwanza aliyorudi kwenye mipira, kitu cha kwanza alichosema kilikuwa kuhusu sauti: mlio wa aironi yake ulikuwa umebadilika.

## Hatua ya 6: Fupisha mikono, usifupishe mgeuko

Mikono ikifika usawa wa bega la kulia, inatosha. Zaidi ya hapo mwili umeshaishiwa mgeuko, na kinachoendelea kupanda ni mikono tu, viwiko vikikunjika na fimbo ikining'inia nyuma ya shingo. Inakupa hisia ya nguvu ambayo haipo.

Omba mtu akupige picha ya simu kutoka mbele. Karibu kila mzee anayeniambia amesimamisha mikono begani, picha inaonyesha iko juu ya kichwa. Kwa hiyo lenga kusimama kwenye mbavu, utajikuta begani.

## Hatua ya 7: Kushuka na kumaliza

Kinachoanza ni kisigino. Kirudishe chini, uzito uhamie kushoto, kisha nyonga igeuke, na mikono ifuate. Anayeanza kwa mikono huikata njia ya mpira kutoka nje kuja ndani, na hilo ndilo chimbuko la pili la mpira kukatikia kulia.

Maliza ukiwa umesimama wima, kitovu kikiitazama shabaha, uzito wote kushoto, kidole cha mguu wa kulia kikigusa nyasi tu. Kaa hivyo ukihesabu hadi tatu. Ukiyumba, ulipiga kwa nguvu kuliko uwezo wa miguu yako. Punguza.

Zamani wengi walimaliza wakiwa wameupinda mgongo nyuma kama upinde. Mgongo wa leo usiuombe kufanya hivyo. Uruhusu mguu wa kushoto uzunguke kidogo juu ya kisigino wakati wa kumaliza, goti litakushukuru.

## Hatua ya 8: Mdundo

Sema moyoni "po-le-po-le" fimbo inapopanda, na "pi-ga" inaposhuka. Silabi ya "ga" ikutane na mpira. Mwenye haraka ya kushuka hukatiza silabi ya nne, na utaisikia ikikosekana.

Msidhani nawapoza kwa maneno matamu. Mwaka 2009, pale Turnberry nchini Scotland, mkongwe Tom Watson akiwa na miaka 59 alibakiza mpigo mmoja wa kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo, kulitwaa Open, shindano kubwa la gofu la Uingereza, akaja kushindwa na Stewart Cink katika mashimo ya nyongeza. Mjerumani Bernhard Langer alishinda US Senior Open, shindano la wakongwe la Marekani, mwaka 2023 akiwa na miaka 65. Kawatazameni kwenye video muone jinsi wasivyo na haraka juu ya swingi.

## Hatua ya 9: Draiva

Tii iwe ndefu: nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva ikiwa imelazwa chini. Mpira ukae mkabala na kisigino cha kushoto. Bega la kulia lishuke kidogo kuliko la kushoto. Lengo ni kuupiga mpira fimbo ikiwa imeanza kupanda, maana kasi ikipungua mpira unahitaji kwenda juu zaidi ili ubaki hewani.

Sasa tuzungumze fimbo. Kama uso wa draiva yako umeinama digrii 9, iliyotengenezwa kwa kijana mwenye kasi, omba kujaribu ya digrii 12. Shafti nayo, ule mti wa fimbo, iwe nyepesi na yenye kunyumbuka. Zile za wazee huandikwa herufi A kwa kampuni nyingi. Kwenye aironi, shafti za grafaiti ni nyepesi kuliko za chuma na hupunguza mtikisiko unaofika kiwikoni.

Aironi namba 3 na 4, na kwa wengi hata namba 5, ziacheni nyumbani. Haibridi inainua mpira kwa urahisi zaidi kwa kasi ileile. Kanuni zinaruhusu fimbo 14, hazikulazimishi kubeba 14.

Weji, zile fimbo za karibu na grini, na mipigo mifupi sina la kubadilisha. Huko uzoefu wenu unawashinda vijana.

## Ratiba ya wiki sita

Wiki ya 1 na ya 2: ukuta tu, hatua ya 5, kila siku. Mshiko na msimamo mbele ya kioo.

Wiki ya 3 na ya 4: aironi namba 8, nusu ya swingi, mipira 40 kwa siku, siku tatu kwa wiki. Chora mstari kwa kalamu nyuma ya kila mpira; wino utabaki kwenye uso wa fimbo na kukuonyesha ulipogusa. Ukipata alama katikati mara 6 katika 10, songa mbele. Usipopata, kaa hapo wiki nyingine. Haikimbii.

Wiki ya 5: swingi kamili na haibridi. Wiki ya 6: draiva, mipira 15 tu, ya mwisho kabisa katika zoezi.

Usipige mipira 200 kwa siku kwa sababu umeona inakwenda vizuri. Uchovu unarudisha tabia ya zamani, na mwili unajifunza ile. Kipimo ninachokiamini kuliko kingine ni asubuhi ya kesho yake: ukiamka mgongo umechoka kawaida, endelea, ukiamka unauma upande mmoja, rudi hatua ya 4 uangalie nyayo na kuinama kwako.

## Kurudi uwanjani

Chagua tii kwa hesabu, siyo kwa heshima. Chukua umbali unaopiga kwa aironi namba 5, au haibridi uliyoweka badala yake, zidisha mara 36. Mwenye yadi 140 anapata 5,040, na huo ndio urefu wa uwanja unaomfaa. Kama tii unazozoea zinafanya uwanja uwe yadi 6,400, unajilazimisha kupiga kwa nguvu kuanzia shimo la kwanza, na kazi ya wiki sita itapotea kabla ya shimo la nne.

Kwa mwezi wa kwanza, chukua fimbo moja ndefu zaidi ya unayoitaka kila unapolenga grini. Kama moyo unasema namba 8, chomoa namba 7 na upige kwa mdundo wa hatua ya 8. Mwambie kedi wako mapema ili asikupe ile uliyoizoea.

Pima upya umbali wa kila fimbo na uuandike, pamoja na jina la uwanja. Hewa ya Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi, na mpira huenda mbali kuliko pwani. Wapo wastaafu waliohamia Mombasa wakadhani uzee umewashukia ghafla, kumbe sehemu ya zile yadi walizopoteza ilibaki milimani. Ukifika uwanja wa Nyali, Mombasa, na daftari la Muthaiga, Nairobi, punguza kama yadi 10 kwa kila 150 zilizoandikwa, ndipo uchague fimbo.